Bakuli Moja la Ngano: Somo la Kwaresima

Masomo ya kusoma kwanza: Ruthu 2, Isaya 58:1-9, Yohana 6:1-14, Wagalatia 4:21-31.



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia, swali ni lile lile katika nyumba zetu: "Mwaka huu tuache nini?" Mmoja husema ataacha nyama, mwingine ataacha sukari katika chai, mwingine sigara. Ni swali jema. Lakini liko swali la pili ambalo hatuliulizi sana, nalo ni hili: "Tutakula pamoja na nani?"

Katika somo hili tutalitafakari swali hilo la pili kwa kutazama chakula kimoja cha zamani. Wakristo wa Uingereza na Ufaransa walikipika kwa mamia ya miaka, nacho kilifuatana na kalenda ya Kanisa tangu Krismasi mpaka Kwaresima na mavuno. Jina lake ni frumenti. Ni uji mzito wa ngano nzima, uliotiwa viungo.

Msishangae kwamba somo linaanzia jikoni. Bwana wetu mwenyewe alifundisha habari za Ufalme kwa chachu, kwa unga na kwa mbegu. Basi na sisi tuanze na sufuria.

1. CHAKULA CHENYEWE

Jina frumenti limetokana na neno la Kilatini frumentum, maana yake nafaka, na hasa ngano. Watu wa vijijini huko Uingereza walilitamka kwa namna nyingi, na wengi walisema "furmiti".

Upishi wake ulianza kwenye kinu. Ngano ililowanishwa kidogo kwa maji, ikatwangwa taratibu hata maganda ya nje yakaachana na punje, kisha ikapepetwa na kuoshwa. Kila mama aliyetwanga mahindi ya kande anaijua kazi hii bila kufundishwa. Punje hazikusagwa kuwa unga, bali zilibaki nzima.

Baada ya hapo ngano ilichemshwa kwa moto mdogo, muda mrefu, mpaka punje zikapasuka na maji yote yakawa mazito kama rojo. Huko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, watu waliweka chungu chenye ngano na maji ndani ya tanuri lenye moto hafifu, wakakiacha humo saa nyingi, pengine usiku kucha. Asubuhi walikuta ngano imelainika kabisa. Hapo ndipo walipotia maziwa, au mchuzi wa nyama, na viini vya mayai, na zafarani ili uji upate rangi ya dhahabu. Katika karne zilizofuata walizoea zaidi kuitia sukari au asali, mdalasini, kungumanga na zabibu kavu.

Wasomaji wetu wa pwani watakuwa wamekwisha kukumbuka bokoboko, ngano inayopikwa na nyama na kupondwa mpaka vyote viwe kitu kimoja. Bokoboko ilitufikia kutoka kwa Waarabu, ambao huiita harisa, nayo imeandikwa katika kitabu cha mapishi cha Baghdad tangu karne ya 10. Kwa hiyo tusidhani kwamba twasoma habari za chakula kigeni kabisa. Tofauti ni jina na viungo. Kazi ya kinu na ya moto ni ile ile.

2. NGANO YA NANI?

Sasa tuulize: Ni nani aliyekula frumenti? Jibu ni kwamba wakubwa na wadogo wote waliijua, lakini si kwa kipimo kimoja.

Katika karne ya 14 mkulima wa kawaida wa Uingereza aliilima ngano, ila hakuila sana. Ngano ilikuwa nafaka ya thamani. Aliiuza apate fedha za kodi, au aliivuna katika mashamba ya bwana wake bila kuichukua. Chakula chake cha kila siku kilikuwa shayiri, njegere, maharage, na mkate mweusi wa nafaka duni. Liko shairi maarufu la karne hiyo liitwalo Piers Plowman, ambamo mkulima anaeleza umaskini wa jikoni mwake. Hana fedha za kununua kuku. Ana jibini kidogo na mikate ya maharage, na kwa hivyo hana budi kujikimu mpaka mavuno yafike. Wakulima wetu wanaijua miezi hiyo, wakati ghala ni tupu na shamba bado ni kijani.

Kwa hiyo kwa maskini bakuli la ngano lilikuwa chakula cha sikukuu. Lilikuja wakati wa mavuno, au wakati wa Krismasi, au pale mjane na watoto wake walipookota masazo shambani baada ya wavunaji kupita, kama Ruthu alivyofanya katika shamba la Boazi. Desturi hiyo ya kuokota masazo iliendelea vijijini kwa karne nyingi. Mwaka 1788 mahakama moja ya juu huko London iliamua kwamba maskini hawana haki ya kisheria ya kuokota katika shamba la mtu. Hata hivyo katika sehemu nyingi waliendelea kuokota, kwa kuwa desturi ya kijiji ilikuwa na nguvu kuliko hukumu ya mjini.

Liko jambo jingine. Mkulima aliyetaka unga alilazimika mara nyingi kupeleka nafaka yake kwenye kinu cha maji cha bwana mwenye ardhi, na huko sehemu ya nafaka ilikatwa kuwa malipo. Kusaga nyumbani kwa mawe ya mkono kulikuwa ni kumnyima bwana mapato yake. Ngano ya frumenti haikuhitaji kupita huko. Ilitosha kinu cha kutwangia, mchi, maji na kuni.

Jambo la mawe ya kusagia lilileta ugomvi mkubwa katika mji wa St Albans, kaskazini ya London. Mji huo ulikuwa chini ya monasteri kubwa, na Abati wa monasteri ndiye aliyekuwa bwana wa mji. Watu walisaga nafaka nyumbani kwao, naye Abati Richard wa Wallingford akawashtaki. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa mhunzi, mtu mwenye elimu kubwa ya hesabu na nyota. Alishinda. Mawe yote ya kusagia yalikusanywa kutoka nyumba za watu, nayo yakatandazwa kuwa sakafu ya chumba cha monasteri. Hayo yalitukia kama mwaka 1331. Kila mtu wa mji aliyeingia humo kwa shauri alikanyaga jiwe ambalo mama yake au bibi yake alilisagia.

Miaka 50 ilipita, watu hawakusahau. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza waliasi kwa sababu ya kodi ya kichwa na utumwa wa mashambani. Watu wa St Albans waliingia katika monasteri, wakang'oa ile sakafu, wakayavunja mawe vipande vipande, wakagawana. Mtawa mmoja wa monasteri hiyo, Thomas Walsingham, ndiye aliyeandika habari hizo, naye hakuwapenda waasi hata kidogo. Lakini ameandika kwamba waligawana vipande vile kama mkate uliobarikiwa ulivyogawanywa siku za Jumapili katika makanisa ya mitaa.

Tusiufiche upande wa pili wa maasi hayo. Damu nyingi ilimwagika, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Simon Sudbury, aliuawa na waasi huko London. Kisha wakuu nao walilipiza kisasi. Mwezi wa Julai Mfalme Richard wa Pili alifika St Albans pamoja na jaji wake mkuu, na viongozi wa mji wakanyongwa, akiwemo William Grindcobbe aliyewaongoza. Mfalme alikuwa kijana wa miaka 14.

Ndugu msomaji, tafakari neno moja hapo. Watu wale walikuwa na kipande cha jiwe mkononi, kisicholiwa wala kupikwa. Lakini walipotaka kuonyesha kwamba wamekuwa wamoja, hawakujua ishara nyingine ila ile waliyojifunza kanisani, yaani kumega na kugawana.

3. MEZA YA ASKOFU

Sasa mfuate yule kijana Mfalme. Miaka sita baadaye, tarehe 23 Septemba 1387, alialikwa karamuni katika nyumba ya Askofu wa Durham mjini London, pamoja na Mtawala wa Lancaster. Orodha ya vyakula vya siku hiyo imehifadhiwa mpaka leo. Walichinja kondoo 120, na mayai yaliyonunuliwa yalikuwa 11,000. Na chakula cha kwanza kabisa katika orodha ya vilivyopakuliwa ni nyama ya mawindo pamoja na frumenti.

Basi bakuli ni lile lile. Ngano ile ile iliyotwangwa ikapasuka kwa moto ilikuwa mezani kwa Mfalme. Lakini pembeni yake paliwekwa nyama ya kulungu, mnyama ambaye maskini akimwinda katika msitu wa Mfalme alikuwa mkosaji wa sheria. Kama mwaka 1390 wapishi wakuu wa Richard waliandika kitabu chao cha mapishi, kiitwacho The Forme of Cury, chenye mapishi karibu 200. Frumenti imo. Imo pia katika vitabu vya Ufaransa vya karne hiyo hiyo, Le Viandier na Le Ménagier de Paris.

Viungo vya meza kama hiyo vilitoka mbali sana. Mdalasini ulitoka Sri Lanka. Kungumanga zilitoka visiwa vya Banda, na karafuu zilitoka visiwa vya Maluku, vyote katika nchi iitwayo leo Indonesia. (Zanzibar haikuwa bado na mikarafuu, ililetwa huko katika karne ya 19.) Bidhaa hizo zilipita mikono mingi katika bahari yetu ya Hindi, zikafika Misri, kisha Venice, na kila mkono ulipandisha bei. Zafarani ilitumiwa sana, na baadaye ililimwa kwa wingi Uingereza kwenyewe, hata mji mmoja ukaitwa Saffron Walden, yaani Walden ya zafarani.

Hatusemi kwamba ni dhambi kumkaribisha mfalme, wala kwamba viungo ni kiburi. Karamu ni jambo jema, na Bwana wetu alikwenda arusini. Lakini twaweza kuuliza kwa upole: Kati ya wale waliolima ngano hiyo, ni nani aliyekaa mezani siku ile?

4. KWARESIMA YA TAJIRI NA KWARESIMA YA MASKINI

Kanisa la zamani hizo lilikuwa na sheria kali za kufunga. Tangu Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka watu hawakula nyama, wala mayai, maziwa, siagi au jibini. Samaki waliruhusiwa.

Je, frumenti ilikomeshwa wakati huo? La. Jikoni kwa wakubwa iligeuzwa tu. Mahali pa maziwa ya ng'ombe wapishi waliweka tui la lozi. Lozi zilitwangwa, zikachanganywa na maji na kuchujwa, kama sisi tufanyavyo na nazi. Lozi zilinunuliwa kutoka nchi za kusini ya Ulaya, nazo zilikuwa ghali kuliko maziwa. Na mahali pa nyama ya kulungu waliweka nyama ya pomboo. Sisi twajua kwamba pomboo humnyonyesha mtoto wake kama ng'ombe, lakini watu wa wakati huo walimhesabu kuwa samaki kwa kuwa anakaa baharini. Kitabu cha wapishi wa Mfalme Richard kina maelezo ya frumenti ya namna hiyo, pomboo na tui la lozi.

Basi tazameni jambo la ajabu. Siku za mfungo chakula cha tajiri kilikuwa na gharama pengine kuliko siku za karamu. Hakuvunja sheria hata moja. Alipoinuka mezani alikuwa ameshiba, na dhamiri yake ilikuwa safi.

Na maskini je? Kwake Kwaresima iliangukia miezi ambayo nyama iliyokaushwa kwa chumvi imekwisha, kuku bado hawajaanza kutaga vizuri, na ng'ombe hana maziwa mengi. Alifunga kwa kuwa Kanisa limeamuru, na pia kwa kuwa hapakuwa na kitu. Wengine wenye uwezo walilipa fedha ili wapate ruhusa ya kula siagi wakati wa Kwaresima. Huko Rouen, Ufaransa, kanisa kuu lina mnara uliojengwa mwishoni mwa karne ya 15, nao unaitwa mpaka leo Mnara wa Siagi, kwa ajili ya fedha za ruhusa hizo.

Soma tena Isaya 58. Watu wa nabii huyo nao walifunga sawasawa na kanuni, wakashangaa kwa nini Mungu hatazami. Jibu walilopewa halikuhusu aina ya chakula. Lilihusu wafanyakazi wao, wenye njaa, na maskini wasio na nyumba.

Kwa hiyo tunapouliza "Tuache nini?" yatupasa kuwa waangalifu. Mtu aweza kuacha nyama akanunua kamba na samaki wa bei kubwa, asiwe ameacha kitu. Mwingine hawezi kuacha nyama kwa sababu hajaiona tangu Krismasi.

5. JUMAPILI YA KWENDA KWA MAMA

Liko jambo zuri katika historia ya bakuli hili, nalo ndilo lililotufanya tuliandike somo hili.

Katikati ya Kwaresima, Jumapili ya nne, Kanisa hupumzika kidogo. Katika Kitabu cha Sala cha 1662 Injili ya siku hiyo ni habari ya Bwana kuwalisha watu 5,000, na Waraka ni Wagalatia 4, pale Mtume Paulo anaposema juu ya Yerusalemu wa juu kuwa ni mama yetu. Kwa ajili ya masomo hayo wengine waliiita Jumapili ya Kuburudishwa, na wengine Jumapili ya Mama.

Huko Uingereza desturi ilikua kwamba siku hiyo watoto waliokuwa mbali warudi nyumbani. Mwaka 1644 askari mmoja wa Mfalme Charles, Richard Symonds, aliandika katika daftari lake kwamba huko Worcester Jumapili ya katikati ya Kwaresima ilikuwa siku kubwa, watoto na watoto wa ubatizo wakikutana nyumbani kwa mkuu wa jamaa na kula pamoja. Baadaye desturi hiyo ikawa hasa ya vijana waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba za watu. Wasichana wengi walipelekwa kazini wakiwa bado watoto, wakalala huko, wakapata siku chache mno za kupumzika. Siku hiyo bibi wa nyumba alimpa msichana ruhusa, naye akaenda kwao kwa miguu, akichuma maua njiani ya kumpelekea mama. Wengine walichukua keki iitwayo simnel.

Na katika sehemu nyingi, sufuria iliyomngoja nyumbani ilikuwa frumenti: ngano, maziwa, mdalasini na zabibu kavu chache. Baada ya Matengenezo ya Kanisa maziwa hayakukatazwa tena, lakini kwa mkulima chakula hicho kilikuwa bado ni cha heshima. Hapakuwa na nyama ya kulungu wala lozi. Mama alikuwa ameloweka ngano tangu jana yake.

Desturi hiyo ilikuwa karibu kufa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanamke Mkristo mmoja wa Nottinghamshire, Constance Penswick Smith, alijitahidi tangu mwaka 1913 kuifufua, akaandika kitabu juu yake mwaka 1921. Leo makanisa mengi ya Kianglikana yanaitunza siku hiyo, na maua hugawanywa ibadani. Ngano ya kuchemsha imesahauliwa, lakini kurudi nyumbani hakukusahauliwa.

6. CHUNGU KILE KILE KATIKA HEMA

Lakini chakula chenyewe hakina nguvu ya kuwaunganisha watu kama mioyo haiko. Mwandishi Thomas Hardy alilionyesha hilo katika hadithi yake The Mayor of Casterbridge, iliyotoka mwaka 1886. Hadithi yaanza katika gulio la kijijini. Michael Henchard, kibarua asiye na kazi, anaingia na mkewe na mtoto wao mchanga katika hema la mama muuza frumenti. Uji ni mzuri. Lakini mama huyo huwatilia pombe kali kwa siri wale wanaomlipa zaidi. Henchard anaongeza bakuli baada ya bakuli, analewa, na mwisho anamwuza mkewe pamoja na mtoto kwa baharia kwa gini tano.

Kesho yake anaingia kanisani anaapa kutokunywa kwa miaka 21. Anafanikiwa, anakuwa tajiri, hata anakuwa meya wa mji. Kisha siku moja, akiwa ameketi kuwa hakimu, analetwa mbele yake mwanamke mzee mchafu. Ni yule yule muuza uji, naye anamtambua na kusema yote hadharani.

Chakula kilichokuwa kikiwarudisha watoto nyumbani, katika hema lile kilivunja nyumba. Ngano haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni kile kilichotiwa kwa siri, na moyo uliokwisha kumwona mke kuwa mzigo. Katika mitaa yetu tunazijua sherehe zilizoanza kwa sala zikaishia kwa ngumi. Tusiilaumu sufuria.

7. NGANO YA NDUGU ZETU WA MASHARIKI YA ULAYA

Wakristo wengine wa Ulaya wameshika ngano nzima mpaka leo. Huko Ukraine, usiku wa kuamkia Krismasi, jamaa huanza mlo kwa kutia, ngano iliyochemshwa na kutiwa asali na mbegu za afyuni ya bustani. Poland nako, usiku huo, ni desturi kuweka mezani sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa.

Huko Sicily husimuliwa kwamba katika njaa ya mwaka 1646, siku ya Mtakatifu Lusia, tarehe 13 Desemba, meli ya ngano ilifika bandarini. Watu walikuwa na njaa kubwa hata hawakungoja kusaga. Waliichemsha ngano nzima wakaila. Kwa ukumbusho, kila mwaka siku hiyo wengi hawali mkate bali ngano ya kuchemsha, waiitayo kuchia.

Nao Waorthodoksi, ambao wako pia Kenya na Uganda, wana ngano iitwayo koliva katika desturi ya Wagiriki. Huletwa kanisani katika ibada ya kuwakumbuka marehemu, hubarikiwa, kisha wote waliopo hugawiwa. Maana yake yatoka katika Yohana 12:24, juu ya punje ya ngano inayoanguka katika nchi. Mwenye msiba hali peke yake. Jirani, mgeni na mtoto mdogo, kila mmoja hupata konzi yake.

8. TUNAJIFUNZA NINI?

Tumeiona ngano moja katika mahali pengi: shambani kwa mkulima asiyeila, mezani kwa Askofu, katika mfungo wenye lozi na pomboo, katika nyumba ya mama anayemngoja binti yake, katika hema la ulevi, na katika kanisa la waombolezaji. Upishi haukubadilika sana. Kilichobadilika ni nani aliyealikwa na nani aliyeachwa nje.

Katika Yohana 6 yule mtoto alikuwa na mikate mitano, nayo ilikuwa ya shayiri, nafaka ya maskini. Bwana hakuuliza kwanza kama inafaa. Aliwaketisha watu wote.

Basi Kwaresima hii endelea na ulichokusudia kuacha. Lakini ongeza na hili: tazama meza yako uone nani hayupo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wetu, ni nani ambao kwao kufunga si jambo la kuchagua? Tunawakumbukaje tunapotangaza mfungo?

2. Binti anayetusaidia kazi nyumbani amemwona mama yake lini mara ya mwisho? Je, Jumapili ya nne ya Kwaresima tungeweza kumpa ruhusa na nauli?

3. Abati wa St Albans alishinda kesi yake kwa sheria. Je, yawezekana mtu wa Kanisa awe na haki ya kisheria naye akawa amekosa? Toeni mifano bila kutaja majina.

4. Ni kitu gani "hutiwa kwa siri" katika sherehe zetu, kikaharibu umoja wetu?

KWA WANAOTAKA KUPIKA

Vikundi vya akina mama vyaweza kupika frumenti siku ya kujadili somo hili. Chukua vikombe 2 vya ngano iliyokobolewa, uioshe, uiloweke usiku kucha. Mwaga maji hayo, tia maji mapya vikombe 6, chemsha, kisha punguza moto. Iache ichemke pole pole saa 2 au zaidi, ukikoroga na kuongeza maji yakipungua, mpaka punje zipasuke. Tia vikombe 2 vya maziwa, kijiko kidogo cha mdalasini, kungumanga kidogo, konzi ya zabibu kavu, na asali au sukari upendavyo. Ukitaka, piga viini 2 vya mayai, uvichanganye na uji kidogo wa moto katika kikombe, uvirudishe katika sufuria, ukoroge juu ya moto mdogo sana mpaka uji uzidi kuwa mzito. Usiuache utokote tena, viini visije vikagandamana.

Kipimo hiki chatosha watu 8. Mkiwa 6, mjue wa kuwaita wawili.